Nyayo Zinapofika Mpakani

Asubuhi ile Mokami alipofika zizini na ndoo ya kukamulia, alikuta matawi ya miiba ya langoni yamesogezwa kando taratibu, kama kazi ya mgeni mwenye adabu. Ng'ombe wa maziwa alikuwapo, anacheua. Ndama alikuwapo. Maksai wawili hawakuwapo. Wezi walikuwa wamechagua wale wa plau, na mawingu yalishaanza kukaa juu ya vilima, na shamba la mjane halina wa kulionea huruma mvua ikishapita. Bila maksai wale hakuna kulima, na bila kulima hakuna mwaka.

Akapiga yowe.

Hapo Kemambo yowe ni la wote. Uji wa watu ukaachwa motoni, uwanja ukajaa. Mniko, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alifika na filimbi shingoni. Werema, mdogo wa marehemu mume wa Mokami, alifika na rungu na hasira, na hasira ndiyo iliyotangulia. Waisiko, dada yao aliyeolewa Kehancha upande wa Kenya na aliyekuwa amekuja kusalimia, alitoka nyumbani anafunga khanga kiunoni.

"Wifi, na polisi je?" aliuliza Waisiko.

"Wamepigiwa simu," Mniko alijibu. "Lakini nyayo hazingoji gari, mama. Jua likipanda, vumbi linazifuta. Twendeni."

Mokami alitangulia. Yule maksai mwekundu alikuwa na ukwato wa mbele uliomeguka pembeni, na alama yake ardhini ilikuwa kama kipande cha muhogo kilichoumwa na mtoto. Mokami angeitambua hata sokoni Sirari. Nyayo zilipita nyuma ya mashamba ya mihogo, zikakata njia ya bodaboda, zikashika bonde.

Desturi ya nyayo ni ya zamani huku. Nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia katika kijiji, kijiji hicho kinazipokea mpakani. Watu wake wenyewe ndio wanaoongoza, mpaka wazionyeshe zinatoka upande wa pili. Wakishindwa kuzionyesha zinatoka, basi ng'ombe wamelala kwao, nao ndio watakaowatafuta na kuwatoa. Wageni wanafuata nyuma, rungu chini. Hakuna anayepekua nyumba za kijiji cha mwenzake. Koo zote zilikubaliana hivyo, hata zile zilizowahi kurushiana mishale.

"Kumbe hiki ndicho redio yetu inachokipigia kelele kila siku," Waisiko alisema huku anahema. "Shirikisho."

"Shirikisho ndiyo nini tena, dada?" aliuliza Werema. "Maneno ya Kenya hayo."

"Wewe baba yetu alikuwa na wake wangapi?"

"Watatu. Wameingiaje?"

"Kila mama alikuwa na nyumba yake, jiko lake, shamba lake, ghala lake. Mama yako angeweza kuingia kwenye ghala la mama mkubwa?"

"Angetoka na mwiko mgongoni!"

Watu wakacheka, hata Mniko.

"Na baba je? Angeweza kuamka tu akachukua mtama wa nyumba moja akaupeleka nyumba nyingine?"

"Thubutu. Wazee wangeitwa."

"Lakini boma lilikuwa moja, lango moja, na adui akija wote mnatoka. Shirikisho ndiyo hiyo. Kila nyumba ina mamlaka yake, si ya kuomba, na boma lina yake, na hakuna wa kumnyang'anya mwenzake. Sisi kule hatujafika hapo kabisa, tuna kaunti tu. Zahanati ni ya gavana, jeshi ni la Nairobi. Na bado tunagombana."

"Basi shirikisho ni uke wenza," alisema Werema. "Mimi nataka bwana mmoja mwenye amri moja. Angesema fungueni nyumba zote, zingefunguliwa, maksai wa shemeji wangeshapatikana."

Mokami hakucheka. Moyoni alikuwa upande wa Werema.

Walipofika kwenye kijito kinachotenga Kemambo na Nyabokere, Mniko aliinua mkono na kupuliza filimbi ili wenyeji waje wapokee. Wakangoja. Ng'ambo hapakuonekana mtu. Mokami aliona ile alama ya ukwato uliomeguka, mbichi kabisa, kwenye tope la upande wa pili. Hapo akili ikamruka. Alipandisha gauni magotini akavuka, Werema na vijana wake nyuma, Mniko akipaza sauti bure. Walipofika juu ya ukingo walikuwa wamezikanyaga nyayo zote, hujui upi wa ng'ombe, upi wa Werema.

Hapo ndipo watu wa Nyabokere walipotokea. Kiongozi wao, Felix, alikuwa kijana mpole mwenye buti za mvua. Aliangalia tope, akawaangalia wao.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mmetuingilia ndani bila hodi. Sasa hizi nyayo ni zenu. Sisi hatujazipokea, hatuna deni nazo."

"Mwanangu, maksai wangu wanakwenda!"

"Naona, mama. Lakini zikipotea mbele mtasema Nyabokere wamewaficha ng'ombe. Nitajibu nini?"

Werema aliinua rungu. Mokami akamshika mkono. Aliona kwamba kijana yule hakuwa anamkatalia. Alikuwa anamwonyesha mlango wa kuingilia. Akageuka, akashuka majini tena mbele ya watu wote, gauni limelowa mpaka kiunoni, akasimama upande wa Kemambo.

"Hodi, Nyabokere," alisema. "Nina nyayo zangu. Naomba mzipokee."

"Tumezipokea," alisema Felix, na palepale akapuliza filimbi yake, na watu wake wakamiminika kutoka mashambani wasiulize hata ni ng'ombe wa nani.

Na hapo Mokami alishuhudia jambo. Mbele kidogo nyayo ziliingia kwenye mwamba mpana, zikafutika kabisa. Watu wa Kemambo wangezunguka pale mpaka jioni. Felix hakuinama hata kuangalia. "Mwamba huu unatokea pande mbili," alisema, "na upande mmoja una shimo la maji lililokauka, mwizi wa ng'ombe hapiti penye kiu." Akakata kushoto, kwenye kichaka ambacho mgeni angekiona ukuta, na upande wa pili, kwenye vumbi, palikuwa na ule ukwato uliomeguka, umejichora kama muhuri. Mokami alijikuta anasema "Ee!" kwa sauti. Bwana mmoja mwenye amri moja angeujulia wapi mwamba ule?

Felix aliwafikisha kwenye mpaka wa Ketarama, akapuliza filimbi, akangoja. Mokami naye akangoja, ingawa Ketarama ndiyo iliyomtia hofu. Watu wa pale na watu wa Kemambo wana kovu la zamani. Kuna nyumba zisizoshikana mikono hadi leo. Lakini mzee Ezra, kiongozi wao, alikuja na watu wake, akainama, akagusa alama kwa fimbo.

"Tumezipokea," alisema kwa ukavu.

Walizunguka mpaka wote wa Ketarama. Nyayo hazikutoka popote. Ezra akasema mbele ya wageni, "Zimelala kwetu," na akaita ritongo, mkutano wa kijiji chote. Mokami aliambiwa aeleze mali yake. Akaeleza: mwekundu mwenye ukwato uliomeguka, asiyegeuka kushoto mpaka umwite jina, na mweusi mwenye doa jeupe chini ya shingo, anayelamba mkono wa anayemfunga nira. Wanawake wa Ketarama waliokuwa wamenuna mwanzoni wakaanza kutikisa vichwa kwa kuelewa. Ng'ombe wa kulimia anajulikana na kila mwenye jembe.

"Kaeni hapa," alisema Ezra. "Tunatafuta wenyewe."

Waliketi. Werema hakuketi. Alizungukazunguka, akarudi akimnong'oneza Mokami. "Shemeji, nyuma ya nyumba ile ya bati jipya kuna mavi mabichi ya ng'ombe. Nimeyaona kwa macho yangu. Na wanapekua upande mwingine! Sema neno moja, mura zangu, vijana hawa, waingie."

Nyumba ya bati jipya ilikuwa hatua chache tu. Mokami alisikia, au alidhani amesikia, ng'ombe anapumua. Akainuka. Vijana wa Kemambo wakainuka naye. Akapita katikati yao, akaenda mpaka kwa Ezra.

"Tata," alimwita kwa heshima ya baba, "shikamoo."

"Marahaba."

"Nyuma ya nyumba ile kuna mavi mabichi. Mimi ua sitauvuka. Ni kwenu. Wapeleke watu wako."

Uso wa mzee ulibadilika, na uwanja mzima ukamgeukia, maana kila mtu wa Ketarama alijua nyumba ile ni ya mtoto wa ndugu yake Ezra. Angeweza kusema tumeshapita pale. Nani angembishia, kwenye ardhi yake? Alisimama ameegemea fimbo, kisha akaita vijana wake kwa majina, mmoja mmoja, akawaelekeza kwa kidole nyumba ya damu yake.

Walirudi na maksai wawili, na mtu mmoja katikati yao, kichwa chini.

Mokami alikwenda moja kwa moja kwa yule mwekundu, akampapasa goti, akainua ukwato, akautazama. Mweusi akamlamba mkono. Alilia kidogo, akafuta machozi kwa khanga.

"Huyo mwizi tupeni sisi!" alipiga kelele Werema.

"Ng'ombe ni wenu," alijibu Ezra. "Huyu aliyelala kwetu nimemtoa mimi. Lakini wizi uliovuka vijiji vitatu si wa Ketarama wala Kemambo kuumaliza. Unakwenda polisi, mahakama iuangalie. Tutakwenda pamoja, mimi na Felix na Mniko. Asiguswe."

"Sikia huyo," Waisiko alimnong'oneza Mokami. "Anajua pa kushika na pa kuachia."

Wanawake wa Ketarama walileta maji kwa maksai, na kwa Mokami wakaleta uji wa wimbi kwenye kibuyu. Alikunywa. Mara ya mwisho mtu wa nyumba yake kunywa kitu pale, hakuna aliyekumbuka.

Ezra alimsindikiza mpaka mpakani.

"Mama," alisema, "na nyayo zetu zikija Kemambo?"

"Zikija, tata, tutazipokea. Hata zikiingia nyumbani kwa Werema."

"Shemeji!" alisema Werema.

"Ndiyo, hata kwako," alisema Mokami, na akamwita maksai mwekundu jina lake ili ageuke kushoto.