Mkalimani wa Simu

Maren Tollefson alikuwa na alama A ya Kihispania cha wauguzi, na A hiyo ilimpanda kichwani. Mihula mitatu mizima pale chuoni alikariri majina ya mifupa, maumivu na dawa, wakaigiza na wenzake, huyu mgonjwa, huyu nesi, wote watoto wa wenye mashamba ya matufaha ya bonde la Yakima. Mgonjwa wa darasani hujibu kilichoandikwa kitabuni. Doña Eulalia Pacheco hakuwa amekisoma kitabu hicho.

Mama huyu wa miaka sitini na minne, mfanyakazi wa kuchambua matufaha kiwandani, asiyejua ila Kihispania, alifika zahanati mwezi Septemba, Maren akiwa na siku tatu tu za mazoezi ya kazi. Daktari alikuwa amembadilishia dawa ya kisukari: aache vidonge vya zamani, aanze vipya. Maren akapewa kazi ya kumweleza, akaeleza kama alivyofundishwa, neno kwa neno. Ikabaki hatua moja tu, ile ambayo Profesa Ybarra aliwaimbia kila wiki: mgonjwa ayarudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe, wewe usikilize.

Hapo ndipo palipomshinda. Kusema alijua, kusikia ndiko kulikomtoa jasho. Mama yule alipofungua mdomo maneno yalikimbizana, Maren akaambulia moja kati ya matano. Na akiomba mkalimani wa simu, nesi mkuu Rosalind Haugen atajua kwamba A ile ni ya karatasi. Basi akauliza tu, "Umeelewa, mama?"

Doña Eulalia alimtazama kidogo, akatabasamu. "Ndiyo, mwanangu."

Maren akaweka tiki kwenye fomu, mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa amerudia maelezo kwa usahihi. Akatia sahihi.

Wiki mbili baadaye mama akarudi na jeraha lililoshonwa nyuzi saba kwenye paji la uso. Alikuwa akimeza vidonge vyote, vya zamani na vipya. Sukari ikashuka, akaanguka kwenye ngazi za nyumbani kwake. Maren akaziona nyuzi zile. Alijua pale pale kwamba ni kazi ya mkono wake. Na bado akajitia kupanga glavu kwenye boksi.

Rosalind akapiga simu, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya kusikika chumba kizima. Mkalimani, mwanamume wa sauti ya taratibu aliyekuwa mji mwingine kabisa, akataja namba yake na kutoa tangazo lake la siku zote: lolote litakalosemwa humo ndani atalitafsiri.

"Fomu inasema uliyarudia maelezo sawasawa," Rosalind akamwambia mama. "Sasa vile vya zamani ulivimezaje?"

Doña Eulalia akamtupia Maren jicho. "Niliyarudia, ndiyo. Usimgombeze binti wa watu. Ni kichwa changu hiki, nesi. Kimetoboka, hakishiki kitu."

"Kama ni hivyo," Rosalind akasema, "itabidi niandike kwamba anasahau. Akapimwe kumbukumbu. Na wale wajukuu asiachiwe peke yake mpaka tupate majibu."

Wajukuu hao wawili, mama ndiye aliyewapokea kila siku wakitoka shule. Mama aliposikia tafsiri, vidole vyake viliukaza mkoba. Lakini kauli yake hakuibadilisha.

Rosalind akageukia kompyuta, akaanza kuandika. Maren akaliacha boksi la glavu, akamsogelea mama. Hakuwa jasiri, tusimpambe. Alichotaka ni kuungama pembeni, yaishe. Akainama, akamnong'oneza mama kwa Kihispania, utadhani lugha ile ilikuwa chumba chao wawili: "Mama, wewe hukurudia kitu. Mimi sikukuuliza, niliogopa. Niliandika uongo. Nisamehe, lakini usimwambie."

Simu ikakohoa.

"Mama, wewe hukurudia kitu," sauti ile ya taratibu ikasema kwa Kiingereza, bila kuongeza wala kupunguza, kama kazi yake inavyomtaka. "Mimi sikukuuliza, niliogopa. Niliandika uongo. Nisamehe, lakini usimwambie."

Rosalind akageuka na kiti chake. "Tollefson. Ni kweli?"

Swali hilo nalo likatafsiriwa, na Doña Eulalia akalidaka kabla ya Maren. "Kweli wapi! Anajisingizia huyo. Vijana wa siku hizi!"

Mlango wa kuikwepa lawama ulikuwa wazi mbele ya Maren, mama amemshikia. Akaziangalia zile nyuzi.

"Ni kweli," akasema. "Yote. Usiandike kwamba anasahau. Andika jina langu."

Rosalind akaufuta mstari aliokuwa ameuandika. "Mazoezi yako yameishia leo. Profesa wako nitampigia mwenyewe." Kisha akamgeukia mama, safari hii kwa upole. "Kwa nini ulimkingia kifua?"

Mama akajibu kwa kirefu, harakaharaka, akijipapasa paji la uso. Maren akaambulia maneno mawili matatu: swali, macho, mtoto. Ikambidi asubiri simu, sawa na Rosalind.

"Siku ile sikumwelewa pale kwenye vidonge vya zamani," mkalimani akatafsiri. "Nilikuwa na swali. Lakini nikamwona macho, anamwomba Mungu nisifungue mdomo. Nikasema, huyu ni mtoto, nisimwaibishe kwa mkubwa wake. Nikaenda zangu nyumbani, nikameza vyote."