Uso wa Mtoto wa Paulina

Wanawake walipomaliza kuosha vyombo vya mchana walikuja kwa Loisi kubangua mbegu. Ilikuwa Novemba, mawingu yanapita juu bila kushuka, na kila mwenye shamba nyuma ya Kongwa alikuwa na gunia la karanga linalongoja mvua. Loisi alitandika mkeka chini ya upenu, akamwaga karanga katikati, akagawa mabeseni.

Karanga za mbegu hazipelekwi mashine. Mashine huzipasua, na iliyopasuka haioti. Hubanguliwa kwa vidole, na vidole vikichoka, kwa meno. Hapo ndipo penye shughuli, kwa sababu karanga ikishafika kwenye meno hairudi kirahisi. Kwa hiyo mwenye mbegu hakodolei macho mikono ya wenzake, anasikiliza midomo. Mtu akiwa anaongea, hatafuni. Akinyamaza, ataulizwa kwa upole, "Mwenzetu, umefikia wapi?" na wote wataelewa na kucheka.

Sasa maneno nayo huisha. Habari za kijiji huisha gunia halijafika hata nusu, na kumsema mtu kwa jina kuna hatari, maana huenda shangazi yake ameketi hapo hapo kwenye mkeka. Ndiyo maana wanawake wa pale walizoea kusema maneno yasiyo na mwenyewe. Vijana wa siku hizi hawana adabu. Matajiri wote wana mganga wao. Watu wa mjini hawana utu. Na lile lililopendwa kuliko yote, ambalo halikuwahi kuchuja: wanaume wote ni wale wale.

Fundi wa neno hilo alikuwa Priska, mdogo wake Loisi, tumbo moja.

"Ukimwacha huyu ukamchukua yule, umebadilisha shati tu," alisema Priska siku hiyo pia, na mkeka mzima ukacheka.

"Afadhali shati," akajibu jirani yao Sikudhani. "Shati unalifua linatakata."

Walikuwa wamelisema neno hilo misimu mingi. Msimu wa mwaka juzi walilisema kupita kiasi, kwa kuwa karanga zilikuwa nyingi, na Jumapili iliyofuata wanaume wa kijiji kizima waliamka na uso mmoja.

Haukuwa uso mbaya. Ulikuwa uso wa mtu mzima wa makamo, ndevu kidogo, macho ya mtu anayekaribia kusema samahani. Kanisani wanaume walikaa upande wao kama kawaida, wakaimba besi, na mchungaji akahubiri juu ya neema kwa uso huo huo. Hakuna aliyesimama. Picha za ukutani nazo zilibadilika, kwa hiyo hapakuwa na cha kulinganisha. Wake walijipanga. Mmoja alimfunga mumewe uzi kwenye kifundo cha mkono, mwingine alimjua wa kwake kwa kikohozi. Priska alishona kifungo cha kijani kwenye kola ya mume wake, Eliakimu, na mwenyekiti wa kitongoji, mzee Luka, akaanza kuvaa filimbi shingoni hata msibani. Watoto wa kiume waliupata uso huo walipobalehe, sauti zilipoanza kuwa nzito. Baada ya mavuno watu walikuwa wameshazoea, wakalalamikia bei ya mbolea.

Loisi alikuwa mjane, hakuwa na wa kumshonea kifungo. Lakini alikuwa na binti.

Paulina alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa anauza uji stendi. Mwaka jana alimleta nyumbani kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, kile kinachong'aa, wanachovaa mafundi wa reli. Alisema anaitwa Elieza, kwao ni Gulwe, hajaoa. Uso ulikuwa ule ule wa wote, na Loisi hakuona ajabu. Angeletewa uso gani mwingine? Alimchinjia kuku. Kijana alinawa, akapewa firigisi kama mgeni, akaichuna ile ngozi ya juu kwa ukucha polepole, akaiweka pembeni ya sahani, ndipo akala. Alisema wazee wake watakuja kujitambulisha baada ya kuvuna. Alirudi tena na tena, akala tena, akamwita Loisi mama.

Paulina alipopata mimba, Elieza hakuonekana tena. Loisi alipanda gari hadi Gulwe. Kule wanaume walikuwa na nyuso zao, kila mtu na wake, na hapakuwa na Elieza wa reli.

Mtoto alizaliwa Septemba. Walimwita Yotham. Siku ile ya kubangua ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutolewa mbele za watu. Paulina alikuja naye kutoka ndani, akaketi ukingoni mwa mkeka, akaifunua kanga ili mtoto apate hewa.

Midomo yote ilinyamaza kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa anatafuna.

Mtoto alikuwa na uso wake mwenyewe. Kidevu kilikuwa na kishimo katikati, na sikio la kulia lilikuwa limekunjika ncha kama jani lililoungua jua. Uso huo kijiji kiliufahamu. Kwa miaka mingi ulikaa kanisani benchi la tatu, ulionekana nyuma ya plau, na Loisi alisimama karibu nao siku ya harusi akishika mwavuli. Ulikuwa uso wa Eliakimu, wa zamani, kabla ya neno la karanga. Loisi alikuwa ameushuku tangu Septemba, ila alingoja macho ya wengine.

Loisi alimtazama mdogo wake. Priska alikuwa ameshika karanga kati ya meno, hajaivunja. Kisha aliivunja, akaitema kwenye beseni, akanyoosha mkono na kuirudisha kanga juu ya uso wa mtoto.

"Atapigwa na upepo," alisema.

"Priska."

"Dada, huu upepo si mzuri."

"Priska, mtoto ana sikio la nani?"

Wanawake waliinamia mabeseni yao. Priska alichota karanga nyingine.

"Sikio? Watoto wachanga wote wanafanana, dada. Umezaa, nimezaa, hilo hulijui?"

Alilisema kwa sauti ile ile ya siku zote, ya kufanya maneno yasiishe. Loisi alimsubiri Sikudhani, kwa kuwa Sikudhani ndiye aliyemkata mtoto kitovu, na alikuwa amelishika sikio hilo kwa vidole vyake. Sikudhani alipangusa maganda kwenye mapaja.

"Ni kweli wanafanana," alisema. "Wa kwangu wote walikuwa hivyo hivyo."

Akafuata mwingine, na mwingine. Hawakulisema kwa chuki. Kila mmoja alikuwa na mwanamume nyumbani, mwenye uzi au kikohozi, ambaye jioni fulani mwaka jana alichelewa kurudi, na kila mmoja aliona ni heri mambo ya nyuso yaishie pale. Neno lilizunguka mkeka likamrudia Priska, naye akalisema tena, na gunia likapungua.

Loisi alimbeba mjukuu wake mgongoni papo hapo, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Paulina alimfuata nyuma, mikono imejaa maganda. Mzee Luka alikuwa ananoa panga kivulini.

"Shikamoo mzee," alisema Paulina.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Tumekuja umwone mtoto," alisema Loisi. "Umwone sasa hivi, halafu uniambie ni uso wa nani, mbele ya watu."

Mzee Luka alitoa filimbi mdomoni. Loisi aligeuka, akafungua kanga. Mtoto alikuwa amelala. Kidevu kilikuwa laini, hakina kishimo. Masikio yote mawili yalikuwa mviringo. Alikuwa mtoto mzuri kabisa, wa kuwekwa picha yake kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Mimi naona mtoto mchanga," alisema mzee Luka. "Mwingine ungeniletea angekuwa hivi hivi. Mungu amkuze."

Paulina alimchukua mwanawe, akamnusa kichwani muda mrefu. Tangu siku hiyo alimfunga uzi mwekundu mguuni, kwa sababu kliniki walikuwa wanapimwa wengi na asingependa kurudi na wa mwenzake. Lakini si uzi uliomwumiza Loisi. Kilichomwumiza ni kwamba Yotham alikuwa na karatasi moja tu ya kumfikisha kwa baba yake, nayo ni uso, na imefutwa na mama yake mdogo, kwenye mkeka wa bibi yake, huku bibi akimpa mfutaji karanga.

Mwenye binti na mdogo wa kike, na azingatie hapo.

Mbegu za Priska zilibanguliwa wiki iliyofuata. Loisi hakuitwa. Alisikia vicheko kutoka kwake, nyumba ya tatu, akasikia na neno lililokuwa likiendeshwa siku hiyo: wenye mabinti wakubwa wote ni wale wale, binti akiharibikiwa humtafuta mume wa mwenzao wa kumbebesha. Mkeka ulicheka vizuri. Priska naye alicheka, ingawa alikuwa na Erica wake chuoni Dodoma.

Kesho yake Loisi aliinama kunawa, akaona kwenye beseni uso ambao haukuwa wake. Ulikuwa uso wa mama wa makamo, shavu limelegea, mdomo wa mtu anayejiandaa kukana. Njiani kwenda kisimani alikutana nao mara nyingi, umebeba ndoo. Wakasalimiana.

Beseni lile, alipoligeuza kumwaga maji, aliona chini yake herufi P iliyopakwa kwa rangi. Lilikuwa la Priska, lilibaki siku ya kubangua. Loisi hakupenda kitu cha mtu kikae kwake. Alilifuta, akalibeba, akaenda kulirudisha.

Kwa Priska hapakuwa na mtu isipokuwa mwanamume mmoja mwenye kifungo cha kijani kwenye kola, ameketi kwenye kigoda akipigilia mpini wa jembe. Aliinua macho, akaliona beseni.

"Umelifuata mwenyewe? Umefanya vizuri," alisema Eliakimu. "Dada yako ametulia?"

Loisi aliliweka beseni chini.

"Atatulia. Lile neno lako la watoto liliniokoa, mke wangu, sitasahau. Na kile kizibao nimeshakichoma, usiniulize tena." Alijaribu mpini, ukacheza, akaongeza kabari. "Kuna nini cha kula?"

Jikoni kulikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria kuku wa jana. Loisi alimpakulia. Alimmiminia maji mikononi, akasimama na birika. Eliakimu alitafuta kwenye bakuli hadi akaipata firigisi. Akaichuna ngozi ya juu kwa ukucha, polepole, akaiweka pembeni ya sahani.

Loisi aliweka birika chini, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Luka na kumweleza yote, jembe, kizibao na firigisi. Mzee Luka alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoweza.

"Nimekuelewa, mama," alisema. "Ila nisaidie kitu kimoja. Nitajuaje kwamba wewe ni Loisi, si Priska aliyegombana na mumewe anataka kumwaibisha?"

"Mzee, sauti yangu unaijua."

"Ninyi ni ndugu. Sauti zenu ni moja tangu mkiwa wasichana."

Akarudisha filimbi mdomoni. Halikuwa jambo la kupigia filimbi, kwa hiyo hakupiga.

Loisi alirudi nyumbani jua likielekea kuzama, akakuta mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Akagonga.

"Nani?" aliuliza Paulina.

"Mimi. Fungua, nimeyasikia kwa masikio yangu. Ni baba yako mdogo, amesema mwenyewe."

Mtoto alikohoa kidogo.

"Wewe nani?"

"Mama yako, Paulina."

"Mama yangu alikuja mchana," alisema Paulina. "Alikaa hapa kitandani, akambeba Yotham. Akaniambia amefikiri sana, kwamba tumemsingizia baba mdogo, nikamwombe radhi, halafu nimpeleke mtoto kwa watu wa mbali wasio na mtoto. Alilia kabisa. Nikamwambia sawa mama."

"Huyo hakuwa mimi. Huyo ni mama yako mdogo."

"Alikuwa na uso kama wako."

"Naujua uso aliokuwa nao. Fungua uniguse mikono. Mimi ndiye mama yako."

Paulina alikuja hadi mlangoni. Loisi alisikia pumzi yake upande wa pili wa mbao, na vidole vikigusa komeo, vikikaa hapo, vikiondoka.

"Wote mnasema hivyo," alisema Paulina.

Hakuwa na hasira. Alikuwa binti mtaratibu, na alikuwa na mtoto wa kulinda.

Loisi aliketi kizingitini. Chini ya upenu lilikuwa limebaki gunia la mwisho, na mawingu safari hii yalikuwa yameshuka. Alilivuta, akaanza kubangua peke yake, bila neno hata moja. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka kutayarisha mashamba, majembe begani, uso mmoja nyuma ya mwingine. Mmoja wao alipunguza mwendo, akamwinamia kwa heshima, akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mama. Mvua hiyo, eti?"

Loisi alitafuta kifungo kwenye kola, lakini giza lilikuwa limeanza kuingia, na shati lilikuwa limevuliwa, limetupwa begani. Akaitikia salamu.