Aliyeipanga Nyumba

Nianze na la kwangu kabla wengine hawajanianzia: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Wajinga wengine walikuwepo, tena wenye miwani ya bei mbaya, lakini aliyewafungulia mlango ni mimi.

Mimi ni mwashi. Naishi na shangazi yangu, fundi cherehani, katika nyumba ya matofali aliyoisimamisha baba yake, yaani babu yangu, kwa mikono yake. Vyumba vitatu, dirisha moja linalogoma kufunga, na sebule ambayo nusu yake ni meza ya kukatia vitambaa. Babu naye alikuwa mwashi, na alikuwa na neno lake. Hakusema kamwe kwamba amejenga. Alisema, "Nimepanga." Kujenga, kwa madai yake, ni kazi ya Mungu, binadamu hupanga tofali juu ya tofali, na akipanga vibaya ataona. Tukalirithi neno hilo kama watu wanavyorithi pua. Kwetu mtu akiuliza, "Nani kaupanga ukuta huu?" hamtafuti mpangaji, anamtafuta mwashi wa kulaumiwa.

Sasa yule mwandishi. Mtaani aliitwa Karne Nne, jina nililompa mimi, na sijutii. Vitabu vyake vyote vilikuwa vya mshono mmoja: anachagua mahali, iwe bandari, kilima au kituo cha reli, kisha anakukokota vizazi vitano bila kukupa maji. Kitabu kinaanza na jiwe. Jiwe linanyeshewa kurasa arobaini. Binadamu wa kwanza anajitokeza ukurasa wa sitini, na huyo naye hana haraka. Kila kizazi lazima kiwe na mwanamke mzuri anayetazama mvua dirishani na tajiri mmoja anayekufa peke yake akijuta. Magazeti yalisema ana pumzi ndefu. Nimebeba saruji mpaka ghorofa ya nne, pumzi ndefu naijua. Ile yake ilikuwa ya mtu aliyekaa.

Alipoamua kuuandika mtaa wetu alikuja na daftari, jioni tatu. Utangulizi wa kitabu unasema miaka minane ya utafiti. Mimi nilihesabu jioni tatu na birika nne za chai. Aliketi kwenye kiti cha wateja wa shangazi akaniuliza nyumba yetu ilianzaje. Nami, mtu mzima mwenye ndevu, nikajiona nimeshaingia kwenye historia. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Babu yangu ndiye aliyeipanga nyumba hii. Tofali zilitoka kwenye tanuri la jirani."

Akaandika. Ningesema "aliijenga" kama watu wengine, mambo yangeishia kwenye chai. Lakini nilitaka madaha.

Mwaka uliofuata kitabu kikatoka, kurasa mia saba na kumi, kizito kama tofali ila hakishiki saruji. Nikasimama foleni kitiwe sahihi. Akaniandikia, "Kwa mwana wa mtaa," bila kuinua macho. Nyumbani nilisoma ukurasa wa shukrani tu, nikijitafuta. Nikajikuta ndani ya "wazee wote wa mtaa", na nina miaka arobaini na mbili. Kwa hasira nikampa shangazi, naye akawa anakitumia kukandamizia karatasi zake za vipimo zisipeperuke.

Kisha ikafika habari ya hati. Shangazi ana miaka sabini na moja, na hati ya nyumba ameiomba tangu nikiwa na nywele. "Nataka niishike kabla sijashikwa mimi," alikuwa akisema. "Nisije nikakuachia ugomvi, nikadhani nimekuachia nyumba."

Asubuhi ya siku ile karani wa ardhi alikuja na faili na kalamu mbili mfukoni, ya bluu ya kutia sahihi na nyekundu ya kuandika pingamizi. Kilichobaki ni jirani kusema neno moja, kwamba hana pingamizi. Akilisema, shangazi anapata hati. Asipolisema, faili linarudi kabatini, na kabati lile halitapiki. Kuna bwana aliyegombea kiwanja cha kona. Ameshazikwa, na wajukuu zake bado wanaambiwa njooni Jumanne.

Jirani mwenyewe ana duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu wa tabasamu. Misumari ikipinda anakuuzia kama ya kona. Babu yake ndiye aliyekuwa na lile tanuri, na yeye mjukuu ameukodolea macho uwanja wetu wa mbele miaka mingi, aweke mabomba yake. Nilidhani atasema neno lake na kurudi dukani. Aliingia na kitabu kwapani, na nyuma yake Karne Nne, amevaa skafu kwenye joto lile.

"Nina pingamizi," jirani akasema. "Liko ukurasa wa mia mbili na kumi na nne."

Akakifungua palipowekwa alama akamsomea karani. Humo, mwashi maskini aliipanga nyumba ile kwa mwenye tanuri, akawa mpangaji wake maisha yote, na kila mwisho wa mwezi alipiga magoti kizingitini asifukuzwe. Babu yangu, kupiga magoti. Mzee yule alipiga magoti kwa mambo mawili tu: sala, na kutazama kama sakafu imenyooka.

"Sina ubaya, shangazi," jirani akasema. "Mtaendelea kukaa. Ila mjue mnakaa kwa nani."

Karani alikichukua kitabu akakipima mkononi. Nikaona moyo wake unavyolegea. Mtu anayeshinda na makaratasi huheshimu makaratasi yakiwa mengi.

"Hiyo ni hadithi," nikasema. "Kaitunga."

"Nimetunga majina tu," Karne Nne akajibu. "Utangulizi uko wazi: watu ni wa kweli na yaliyowapata ni ya kweli. Tena shahidi wangu ni wewe. Ulisema babu yako aliipanga nyumba."

"Alipanga tofali."

"Ulisema nyumba. Ninalo daftari."

"Kwetu kupanga ni kujenga, kaka."

"Kwenu ni wapi, kwenye kamusi gani?" jirani akauliza.

Karani akanigeukia. "Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Kasema," karani akajiambia, akaifungua kalamu nyekundu.

Nikamvuta Karne Nne pembeni, kama sebule yetu ina pembeni. Nikamwambia, ndugu yangu, neno moja tu, sema ulisikia vibaya, mama huyu ana miaka sabini na moja. Akatazama dirishani kama wale wanawake wake. Nje hakukuwa na mvua, kulikuwa na mbuzi.

"Nikikubali kosa ukurasa wa mia mbili," akasema, "jengo zima linaporomoka. Na mwezi ujao kuna tuzo."

"Jengo lipi?"

"La riwaya."

Yaani nyumba ya matofali ianguke ili ya karatasi isimame. Nilitamani kumpangia kitu kimoja usoni, lakini nilikumbuka hali yangu: mdomo wangu ulishafanya kazi ya kutosha siku ile.

Muda wote huo shangazi alikuwa akipinda ukingo wa sketi ya mteja, pini mdomoni. Akazitoa moja moja akazichoma kwenye kimto chake. Akainuka, akachukua nakala yetu ya kitabu kutoka juu ya karatasi za vipimo.

"Mwanangu," akamwambia karani, "kabla hujaandika. Kitabu hiki ndio ushahidi?"

"Mwenyewe akikisimamia, shangazi, ndio huo huo."

Akamgeukia mwandishi. "Unakisimamia chote, baba, au ukurasa mmoja?"

Karne Nne akapanua kifua. "Kila mstari."

"Na mwenye tanuri wa humu ndani ndiye babu wa huyu?"

"Ndiye yeye hasa," jirani akadakia. "Mtaa mzima unajua."

"Umekisoma mpaka mwisho?"

"Nimesoma panaponihusu."

"Mimi nimekimaliza," shangazi akasema. "Mara mbili. Wateja hawaji kwa wakati."

Sikuwa na habari. Miezi yote ile nilidhani kitabu kinakandamiza karatasi, kumbe mtu anakisoma, na mtu huyo si mimi niliyepiga foleni.

Akafungua penye kipande cha utepe. Akasoma polepole, kama anayepima kiuno cha mteja mbishi: "Mwenye tanuri alikufa alfajiri ya mvua, bila mke, bila mtoto, bila hata mmoja wa damu yake duniani wa kumfumba macho. Ukurasa wa mia tano na sita."

Karani akainua kichwa kutoka kwenye faili.

"Pale ni ishara," Karne Nne akaanza. "Upweke wa tabaka la..."

"Umesema kila mstari," karani akamkata. Akaifunika kalamu nyekundu, akaanza kupapasa mfukoni akiitafuta ya bluu.

Jirani alikuwa akifunua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate, mbele, nyuma, mbele tena, kama mtu aliyedondosha funguo humo.

"Huu ni uongo," akasema. "Babu alikuwa na watoto tisa. Baba yangu wa nne. Kama babu hakuzaa, mimi hapa nimetoka wapi?"

Shangazi akakirudisha kitabu juu ya karatasi zake, akakisawazisha kwa kiganja.

"Ndilo nilitaka kukuuliza, mwanangu. Nyumba unaidai kwa ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Wewe mwenyewe umezaliwa ukurasa wa ngapi?"