Shaba ya Ekvall

Kevina Namubiru alikuwa akimenya viazi jikoni kwake, ghorofa ya sita huko Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, karai la stoo lilipoanza kucheka. Alipunguza moto wa jiko, akausukuma mlango wa stoo kwa kisigino, akaendelea kumenya. Binti yake Noeline, aliyekuwa mezani na hesabu zake za shule, aliongeza sauti ya redio bila kuinua macho. Kicheko kilikuwa cha mwanamume mnene. Kilianzia tumboni, kikapanda taratibu, kikamalizikia kwenye kikohozi. Kilikuja hivyo kila jioni kwa miaka sita, isipokuwa Ijumaa Kuu.

Karai lilijaa sarafu za shaba, öre tano tano, senti za Kiswidi, mshahara wa mwisho aliolipwa mumewe, Samwiri Ssemakula, katika mkahawa mmoja mjini. Kwao Masaka, Uganda, Samwiri alikuwa mwalimu mkuu. Stockholm alikuwa mpokea makoti, na wageni wa mkahawa walimwachia bakshishi kwenye sahani. Siku moja alimuuliza mwenye mkahawa, Torsten Ekvall, kwa nini bakshishi ile huishia kwenye droo yake yeye. Ekvall akamjibu kwamba kazi imekwisha, aje kesho achukue chake. Kesho yake alilipwa wiki mbili nzima kwa shaba. Rafiki yake Ladislaus Wambura, Mtanzania aliyekuja kusomea uchomeleaji akabaki, alikwenda kumngoja mlango wa nyuma na kigari alichokuwa akilalia Noeline utotoni. Walipanda nacho treni ya chini ya ardhi, wakarudi, wakapanda tena, mpaka shaba yote ikafika Bredäng.

Jioni ile ile sarafu zikacheka. Ladislaus, aliyekuwa amebakizwa kwa chakula, alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni Ekvall," alisema. "Nilimsikia kule mlangoni."

"Ni yeye," alisema Samwiri. Wakanawa mikono, wakala.

Tangu hapo Samwiri hakutumia hata sarafu moja. Alipata kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, na mwezi ulipobana walikula uji na samaki wa chumvi, karai likabaki stoo lilivyo. Kevina, aliyefua mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, aliliona jambo hilo kuwa kiburi cha mwalimu. Alilivumilia jinsi mke anavyomvumilia mume anayekoroma.

Mwaka 1985 ikatangazwa kwamba ikifika mwisho wa Juni sarafu za öre tano hazitakuwa pesa tena. Wiki hiyohiyo kaka yake Kevina, Deusdedit, akapiga simu kutoka Masaka. Mama yao alikuwa haoni tena. Daktari wa misheni alisema macho yote mawili yanaweza kusafishwa, ila si bure.

"Baba Noeline," Kevina alisema asubuhi, mumewe alipoingia akiwa na unga kwenye nyusi. "Ile shaba inatosha macho ya mama. Yote mawili."

Samwiri alivua viatu kwanza. "Nikiipeleka benki, Ekvall atakuwa amenilipa."

"Kwani hakukulipa?"

"Bado."

"Mama yangu anashika kuta, wewe unaniambia bado."

Samwiri alikwenda chumbani. Alikaa kitandani, mgongo umeelekea ukutani, na Kevina akajua kwamba hatazungumza tena mpaka alale. Alimngoja alale. Kisha akatoa kigari kwenye ghala la chini, akakijaza shaba kiasi cha nguvu zake, akaifunika kwa blanketi la mtoto, akaenda benki ya pale uwanjani, karibu na kituo.

Karani alikuwa msichana mwenye nywele zilizosukwa mkia mmoja. Aliinama kwenye kigari kama watu wanavyoinamia watoto, akafunua blanketi. Sarafu zilikuwa zikicheka kidogo kidogo kwa sababu ya barabara mbovu.

"Zinacheka," alisema.

"Ndiyo. Zimekaa ndani muda mrefu."

"Si neno. Mashine inaangalia ukubwa tu, sauti haisomi."

Akaanza kuzimimina kwenye mashine. Zilipokuwa karaini zilicheka kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kusikia kilichokuwa katikati ya kicheko. Mashine ilizipitisha moja moja, na kicheko kikaachana kama uzi unaofumuka. Katikati yake kulikuwa na maneno. Kevina alikuwa amejifunza Kiswidi kwenye mvuke na kelele za chumba cha kufulia, kwa hiyo hayakumpita.

"Hesabu, Mwalimu," ilisema sauti ya Ekvall. "Si ulikuwa mwalimu wewe? Hapana, usisimame. Zimeanguka sakafuni, zihesabu hukohuko. Kwa sauti, wenzako wa jikoni wasikie."

Halafu ikaja sauti nyingine, ambayo Kevina aliijua tangu usichana wake. Ilihesabu kwa Kiswidi kuanzia moja, polepole, kila namba ikitamkwa vizuri, ikinyamaza kidogo pale magoti yalipohama kwenye vigae. Nyuma yake vijiko vililia, na watu wakacheka kwa woga, wanavyocheka watu wa jikoni bosi anapocheka.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mzee mmoja aliangalia saa yake. Mwanamke mwenye mbwa alimhamishia mbwa mkono wa pili.

Miaka sita Kevina alijua kwamba mumewe alilipwa kwa shaba. Hakujua kwamba alipiga magoti.

"Simamisha," alisema.

Karani akasimamisha. "Kuna kasoro?"

"Hakuna. Nimebadili nia. Mnazipeleka wapi hizi?"

"Zikibaki kwetu zitapelekwa kuyeyushwa."

"Na huyo anayehesabu ndani yake?"

Karani alilifikiria kwa dhati. "Hilo halina utaratibu," alisema. "Lakini mwezi ukiisha hatutaweza kukusaidia tena, mama."

"Najua."

Karani akamrudishia zote, hata zile zilizokuwa zimekwisha kumezwa, akamsaidia kulitandaza blanketi.

Kevina hakurudi nyumbani. Alipanda treni ya kwenda mjini, kigari mbele yake, na mama mmoja aliyeketi karibu naye akamuuliza mtoto ana umri gani. Kevina akasema miaka sita. Mama yule akasema ni mkubwa kwa kigari, akashuka kituo kilichofuata.

Mkahawani ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na milango ilikuwa wazi kwa ajili ya jua. Kevina hakuzunguka nyuma. Aliingia mlango wa mbele, akakipitisha kigari kati ya meza mpaka kwa mtu aliyekuwa akifungua chupa kwenye kaunta. Ekvall alikuwa amekonda, shingo ikicheza ndani ya kola. Kevina akafunua blanketi. Kicheko kikatoka, kikapanda hadi kwenye taa za dari, kikaishia kwenye kikohozi kama siku zote.

Ekvall alisikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Koo langu lilikuwa zuri miaka ile," alisema.

"Mimi ni mke wa Ssemakula. Nataka uzichukue hizi utoe noti. Umwite mume wangu, aingie kwa mlango niliopita mimi, umkabidhi mkononi akiwa amesimama."

"Nilimlipa. Pesa ni pesa."

"Jumatatu hizi si pesa."

"Kwa hiyo wahi benki, bibi."

Akacheka. Vicheko viwili vikaenda sambamba, kile cha kigarini kizito, kile cha mdomoni kimechakaa, hata anayevisikia kwa mara ya kwanza angejua kwamba ni mtu yuleyule. Wageni walisikia wote. Mmoja aliyekuwa akila samaki aliomba limau, akaletewa.

Kevina alilirudisha blanketi mahali pake, akalikunja pembeni ili lisifagie sakafu.

"Basi utakaa kwangu," alimwambia. Akatoka kwa mlango alioingilia, na hakumpisha mtu yeyote.

Nyumbani Samwiri alikuwa ameamka, amesimama mbele ya karai lililopungua. Aliona kigari, akaona vumbi la mjini kwenye magurudumu. Kevina alimimina shaba mahali pake, akakaa juu ya kreti ya chupa.

"Nimekusikia ukihesabu," alisema.

"Ulisikia mpaka ngapi?"

"Nilisimamisha mashine."

"Vizuri."

Akaenda kumtengenezea chai. Alitia tangawizi nyingi na sukari nyingi, kwa namna ambayo Kevina huipenda na yeye mwenyewe haipendi, kisha wote wawili wakainywa hiyohiyo palepale stoo.

Juni ikaisha. Jumatatu sarafu ziliamka zikiwa si kitu, na Samwiri alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akamwambia mkewe kwamba kuanzia leo hakuna mtu duniani anayeweza kusema Ekvall amemlipa. Kevina alikuwa amekwisha kwenda kwa Adelina, mwanamke wa Hässelby aliyesimamia mchezo wa upatu, kuomba zamu yake isogezwe mbele. Wanawake wenzake waliridhia. Zamu yake ilitosha jicho moja. Daktari wa misheni alilisafisha la kulia, na la kushoto likabaki linangoja.

Uamuzi wa kutoiacha shaba benki ulikuwa wa Kevina mwenyewe na hakumlaumu mtu. Lakini siku nyingine, akikunja mashuka kazini, alifumba jicho la kushoto kwa muda, akakunja hivyohivyo.

Agosti kampuni ya nyumba ilimtuma mtu, kwa sababu mpangaji wa chini alikuwa ameandika kwamba kuna mwanamume anayecheka na hajulikani. Alifika jioni, akavua viatu mlangoni, akasubiri mpaka kicheko kikaisha.

"Huyu si wewe," alimwambia Samwiri.

"Si mimi. Ni mwajiri wangu wa zamani."

"Anaishi hapa?"

"Anaishi," alisema Kevina kutoka jikoni.

Mtu yule alieleza kwamba mpangaji mdogo, anayepangishwa na mpangaji mwenyewe, anaruhusiwa, mradi asicheke baada ya saa nne usiku, na jina lake liwe mlangoni pamoja na majina ya wenyeji wake. Kevina akamtajia jina, herufi moja moja.

"Atakaa mpaka lini?"

"Mpaka alipe."

Mtu yule aliona hilo ni jibu. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuingia, aliangalia pia bomba la bafuni lililokuwa likivuja, akavaa viatu vyake. Wiki iliyofuata fundi alipachika herufi nyeupe mlangoni, chini ya Ssemakula na Namubiru: Ekvall. Mjini mkahawa wake uliendelea kujaa wateja, kijana mwingine akapokea makoti, na bakshishi ikaendelea kuingia kwenye droo ileile.

Septemba Deusdedit alimpeleka mama yao kwenye simu ya parokia. Mama aliongea kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya shamba. Alisema ameona kuku wake, ameona jinsi Deusdedit alivyozeeka, na kwamba paa la kanisa limepakwa rangi asiyoipenda. Kisha karai la stoo likaanza kucheka.

"Nani huyo anacheka kwako?"

"Ni mtu tunayemdai, mama."

"Mnamdai nini?"

Kevina alimtazama Samwiri, aliyekuwa akifunga vifungo vya shati la kazi.

"Jicho lako la kushoto," alisema. "Na mengine."

Kwenye waya kulisikika mluzi wa umbali. "Msimfukuze," alisema mama. "Mdeni akishatoka mlangoni, kumpata tena ni kazi."

"Hatumfukuzi," alisema Kevina, na mama akaanza kumweleza habari za kuku.