Mjomba Kaza na Pikipiki ya Baba

Mama alishasema, na Mama hasemi mara mbili: pikipiki ya Baba ikiyumba tena leo, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Juzi alinishuhudia nikiingia michongoma ya jirani kwa mwendo wa baiskeli.

"Baba yako kafia kitandani kwake," alinifokea. "Wewe unataka ufie kwenye miba?"

Iliniuma. Miezi mitatu nimemfufua huyo Mwingereza mzee, pikipiki iliyoundwa Uingereza, kwa mikono yangu. Tulibadilisha tairi, beringi za usukani na bushi za nyuma, tukavuta uzi kupanga magurudumu yawe mstari mmoja. Wapi! Ikienda polepole ilipepesuka kama mlevi.

Msaidizi wangu ni mjomba, kaka yake Mama, fundi mkongwe. Mtaani wanamwita Kaza, maana kwake kila ugonjwa dawa ni spana.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema asubuhi hiyo, akiizungusha tena ile skrubu kubwa nyeusi iliyo katikati ya usukani, ile ya kukazwa kwa mkono. Aliikaza tangu siku ya kwanza, na kila tulipoanguka aliikaza zaidi kidogo.

"Mjomba, usukani umekuwa mzito."

"Mzito ndio imara!"

Mama alitoka na ufagio, akasimama ghafla.

"Kaka, unakaza hiyo ya nini? Kwani mimi nimepanda?"

Tulimkodolea macho.

"Marehemu alikuwa anaikaza nikikaa kwenye kigari cha pembeni, usukani usimtikise. Nikishuka tu, analegeza. Kila safari."

Kigari chenyewe, cha gurudumu moja, kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki, kilioza na kuondolewa kabla sijaanza shule. Niliinua gurudumu la mbele, nikausukuma usukani kwa kidole. Ukagoma. Jamani! Pikipiki ya magurudumu mawili hujisawazisha kwa usukani kucheza kidogo kidogo, na sisi tulikuwa tumeifunga mikono, kisha tunailaumu kwa kuanguka!

Niliilegeza skrubu mpaka usukani ukalala wenyewe upande mmoja. Mjomba akajifanya anatafuta kitu chini.

"Mganga hajigangi," alinung'unika.

Teke la tatu, injini ikanguruma. Nilipita michongoma kwa mwendo wa kobe, imenyooka. Nikaongeza moto, nikalala nayo kwenye kona, nikapiga kelele za furaha peke yangu barabarani. Sijawahi kufurahi vile.

Niliporudi, lori la vyuma chakavu, aliloliita Mama tangu asubuhi, lilikuwa getini. Mama aliitazama pikipiki, akaniangalia mimi, akaegemeza ufagio ukutani. Kisha akajifunga kitambaa kichwani na kupanda nyuma yangu. Mikono yake ilinishika kiunoni kwa nguvu.

"Nikaze, Mama?"

"Usiguse. Leo sikai pembeni."

Dereva wa lori alichungulia. "Vyuma viko wapi?"

"Vipo," Mama alimjibu. "Chukua spana za kaka yangu."