Walioitika Kutoka Kwenye Matairi

Kila asubuhi msimamizi wa dampo alipanda juu ya kreti la soda lililopinduliwa, akakohoa kidogo, akaanza kuwaita watu. Hakushika karatasi. Alijivunia kuwajua wote kwa kichwa, ingawa majina yao ya kuzaliwa hakuyajua hata moja. Aliwaita kwa kile walichochambua.

"Nailoni!"

"Nipo!" akaitika mzee wa nailoni.

"Karatasi!"

"Nipo!" ikaitika sauti kutoka kwenye matairi, maana Karatasi mwenyewe alikuwa kwake, hoi kwa homa.

Msimamizi akaendelea. Matairi yalipangwa ukutani, yamejazwa maji kwa amri yake, kwa kuwa dampo liliwahi kushika moto na bomba la kuuzima moto halikuwa limeletwa. Mbu waliozaliana humo walipomnywa mtu damu walichukua na sauti yake, wakawarithisha watoto wao. Watu walishazoea. Asiyeitika alipoteza nafasi siku hiyohiyo, na pale getini kulikuwa na wengi wanaoisubiri. Mgonjwa aliyeitikiwa na mbu alihesabiwa kuwa na bahati.

"Vyuma!"

"Nipo," akasema Vyuma, mama mwenye mgongo mpana na mdomo mkali, ambaye zaidi ya vyuma vyake alikabidhiwa kazi ya kuyajaza matairi maji.

"Chupa!"

"Nipo!" akaitika mkwewe, aliyesimama kando yake, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia. Mumewe, mtoto pekee wa Vyuma, alikuwa safarini na malori.

"Nipo!" likaitika tairi.

Vyuma akageuka kulitazama tairi. Msimamizi alikunja uso. "Mara moja inatosha, Chupa. Hatuko kwenye kwaya."

Hakuna aliyecheka. Aliyeitika mara mbili hakuwahi kumaliza wiki akiwa bado amesimama.

"Amekuuma lini huyo mbu?" Vyuma alinong'ona.

"Wananiuma mchana kutwa, mama. Nitamjua yupi?"

Vyuma hakungoja. Alimfuata msimamizi ofisini, chumba kilichokuwa na wavu mpya madirishani.

"Bosi, niruhusu niyamwage yale maji. Mkwe wangu ni mjamzito, na watu wanaugua."

"Watu gani?" aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya. "Nimeita sasa hivi, wote wameitika. Na moto ukiwaka, tutauzima kwa mate?"

Vyuma alitoka na hasira, akaisahau mezani glovu yake ya pekee. Alikwenda moja kwa moja kwenye tairi la kwanza, akaliinua upande mmoja. Nailoni akamshika mkono.

"Dada, ngoja kwanza. Ukimwaga leo, kesho Karatasi ataitikiwa na nani? Ana watoto yule."

"Na Chupa wangu?"

"Chupa naye ataihitaji hiyo sauti. Akishaanguka mtakula nini?"

Vyuma alilishusha tairi polepole. Alijichukia kwa hilo, maana halikumwagika hata tone.

Homa ilimwangusha Chupa, ikianzia viungoni, kisha machoni, akawa hawezi hata kutazama mwanga wa mlangoni. Vyuma alimkanda kwa kitambaa cha maji, akamwachia jirani, akaenda kusimama kwenye mstari. Kila asubuhi alisikia "Nipo!" changamfu, ya mtu mwenye afya zake. Jioni alimpelekea mgonjwa habari.

"Leo umeitika vizuri kweli."

"Wasije wakanipa na zamu ya ziada," alisema Chupa, akijaribu kucheka. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Kisha damu ikaanza kumtoka kwenye fizi. Zahanati walimwandikia aende hospitali, na gari la hospitali lilipopatikana alikuwa ameshafariki, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

Msimamizi alikuja mazishini, ameacha kazi zake. Alisogea karibu na Vyuma. "Pole sana, mama. Tunamzika nani?"

"Chupa."

"Haiwezekani. Asubuhi nimemsikia kwa masikio yangu." Akatupa udongo wake kwa heshima, akarudi dampo kabla watu hawajatawanyika.

Mvua zikakatika, jua likawa kali, na tangu mazishi Vyuma hakuwa ameyajaza matairi. "Chupa!" aliendelea kuita msimamizi, na tairi likaendelea kuitika, ila kila siku kwa sauti hafifu zaidi, mpaka ikabidi Vyuma ainamishe kichwa ndipo aisikie. Siku moja, baada ya kazi, alichungulia ndani. Maji yalibaki kina cha kidole na viluwiluwi vilikuwa vinasongamana. Ingemtosha kuondoka tu, jua lingemalizia.

Alikwenda kuchota ndoo ya maji. Akamimina taratibu, pembeni pembeni, asije akaivuruga ile sauti.

"Pole, mwanangu," alisema. Mbu akatua kwenye mkono wake usiokuwa na glovu, akakaa. Vyuma alimtazama akinywa mpaka akashiba, akamwacha aende zake.

Asubuhi msimamizi alipanda juu ya kreti lake, akakohoa.

"Vyuma!"

"Nipo," akaitika Vyuma.

"Nipo," likaitika tairi.

"Mara moja inatosha, Vyuma," alisema msimamizi. "Chupa!"