Notburga Ajifunza Kusimama

Mumewe Ildefonsi alipozikwa, Notburga hakulia. Watu wa kijiji cha Mapera walingoja machozi yake mpaka wakachoka. Alipika, alifagia, aliitikia salamu. Ndani yake palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Kisha akaanguka. Alikuwa akipita juu ya tuta la ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba mteremkoni ili udongo usichukuliwe na mvua, mguu ukateleza akajikuta shimoni, kifundo cha mguu kimeteguka. Hakupiga kelele. Alikaa humo akitazama majani ya maharage mpaka jirani alipomwona.

Hospitalini Mbinga alihudumiwa na Zita, binti wa Kitanga aliyekuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Uvimbe ulipopungua, Zita alimwambia, "Mama, mfupa ni mzima. Ila mwili umesahau kujishikilia. Tuukumbushe."

Akamfundisha kusimama nyuma ya kiti na kuinua mguu mmoja, kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono, na kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma.

"Kiti ukishike kwa mkono kwanza. Ukizoea, kwa kidole tu. Halafu ukiache."

"Sawa," Notburga akasema. Hakuona sababu ya kufanya, wala ya kutofanya.

Akawa anafanya asubuhi, uji ukichemka. Siku moja wifi yake Gaudiosa, dada wa marehemu, alimkuta jikoni mguu uko juu.

"Wifi! Kaka yangu hata kaburi halijajengewa, wewe unacheza?"

"Ninasimama."

"Chozi moja hukumtolea!"

Notburga akabadilisha mguu. Maneno yale yalimpita kama yameelekezwa kwa mtu mwingine.

Maharage yalipokauka walikwenda kuyang'oa pamoja. Ukungu ulikuwa umelowesha matuta. Zamani Ildefonsi ndiye aliyetangulia, akiwapa mkono penye utelezi. Sasa alitangulia Notburga. Walipofika katikati ya mteremko, Gaudiosa aliteleza, akaudaka mkono wa Notburga. Uzito wote wa mwanamke yule ukamjia Notburga. Goti lake lilikunjika, vidole vikauma udongo, mguu wa pili ukaning'inia hewani. Hakuanguka.

Gaudiosa hakumwachia. Alimkumbatia palepale juu ya tuta, akaangua kilio. "Nilijua ni mkono wake, wifi. Kwa kitambo tu, nilijua ni wake."

Notburga akatafuta chozi ndani yake, asilipate. Akauteremsha mguu taratibu, akaukanyaga vizuri.

"Lia tu," akasema. "Nimekushika."

Alisimama hivyo mpaka kilio kikaisha. Wakang'oa maharage. Jua lilipopanda walikaa ukingoni mwa shamba, Gaudiosa akafungua kifurushi cha viazi vya kuchemsha. Notburga alikula kimoja kwa mazoea, kama alivyokula kila kitu tangu msiba. Alipokimaliza, tumbo likanguruma. Alishangaa kidogo.

"Wifi," akasema, "nipe kingine. Nina njaa."

Gaudiosa akamsogezea kifurushi chote.